Mbao Kumi za Nyuma ya Mlango

Simu iliita saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa nimesimama katikati ya karakana yangu, Manundu, hapa Korogwe, kikombe cha chai mkononi, nikiitazama rafu niliyoimaliza jana yake. Nilikuwa nimeridhika. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane nilianguka kutoka wapi.

Aliyepiga ni mtoto mkubwa wa mzee aliyenikodisha karakana ile. Mzee alikuwa amerudi kwao Handeni miezi mitano nyuma, magoti yalipomkataza kusimama kwenye benchi.

"Fundi, mzee ametutoka. Alfajiri hii."

Nilikaa chini. Nilimpa pole kwa maneno ninayowapa watu wote, maana mengine hayakuja.

"Tumeshapoa. Tunazika baada ya adhuhuri. Gari limeshatoka huku, linakuja kuchukua mbao."

"Mbao gani?"

Akaita, "Halo? Halo?" kama mtu anayedhani mtandao umekata. "Si zile za nyuma ya mlango, fundi. Kumi. Mzee alituachia neno: msinunue mbao, mbao zangu zipo Korogwe."

Nikasema, "Ndiyo, zipo." Mpaka leo sijui kwa nini nilijibu haraka hivyo.

Nilipokata simu niligeuka nikatazama nyuma ya mlango. Palikuwa na ufagio. Mbao kumi zilikuwa mbele yangu, chini ya rafu mpya, zimekazwa kwa skurubu arobaini, na juu yake nilikuwa nimesimamisha bodi arobaini na moja za plaiwudi na za unga wa mbao.

Nieleze rafu hiyo ilitoka wapi. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilikulia Lutindi, na nilianza kwa kuvunja kiti kibovu cha nyumbani ili nione kilivyoungwa, nikakirudisha, kikasimama. Baadaye nilipata kitabu kikuukuu kisicho na jalada, nikakisoma na kamusi pembeni. Na siku hizi natazama video kwenye simu, naandika vipimo kwenye daftari. Mtu aliyejifunza hivyo huwa na tabia mbili. Anapima kila kitu, na haulizi. Kuuliza kunamwonyesha kuwa kuna siku hakuwepo darasani, wakati yeye hakuwa na darasa kabisa.

Karakana ya mzee ilinishtua tangu siku ya kwanza. Mbao za mtiki, mvule, paini na mgrivilea zililala pamoja kwenye sakafu ya zege, ndefu juu ya fupi, kavu juu ya mbichi. Plaiwudi zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama watu waliochoka, nazo zikapinda tumbo. Kuna mteja wa Mashewa aliyetaka kabati la milango miwili. Nilipokata milango kutoka kwenye plaiwudi hizo, mmoja uligoma kufunga chini, wa pili ukagoma juu. Niliirudia kazi yote. Wiki hiyo hiyo fungu la bodi za MDF, zile za unga wa mbao, liliteleza likaanguka mahali nilipokuwa nimechuchumaa dakika moja kabla. Nilisimama nikilitazama vumbi linavyotulia, nikasema, basi.

Kazi ilinichukua wiki tatu, jioni baada ya shughuli za wateja. Mbao ndefu nilizipandisha ukutani kwenye mikono ya vyuma, kila aina na mkono wake, vijiti vya kutenganisha vikiwa katikati ili upepo upite. Vipande vifupi nilivitia kwenye mapipa matatu kwa urefu. Mchwa walikuwa wameshaonja ukuta wa nyuma, kwa hiyo niliapa kwamba hakuna kitakachogusa tena sakafu. Zikabaki bodi. Bodi hazifai kulala, maana unayoitaka huwa ya chini siku zote. Na hazifai kuegemea. Zinataka kusimama wima, kwa ubavu wake mrefu, zimebanwa pande zote mbili, na chini yake kuwe na sakafu ya mbao iliyoinuliwa.

Hapo ndipo nilipolifikia fungu la nyuma ya mlango.

Lilikuwa limepangwa vizuri kuliko kitu chochote mle ndani, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niulize. Mbao kumi, zote inchi moja kwa nane, zote zimepigwa randa upande mmoja tu. Miti mbalimbali: mvule mbili, mtiki tatu, mninga moja, mkangazi, paini, mgrivilea mbili. Zote zina urefu wa sentimita sitini na nane. Niliandika kwenye daftari: "68, kipimo kisicho na kazi." Si urefu wa rafu ya vyombo, si wa droo, si wa mguu wa meza. Kila wiki nilikuwa napiga simu Handeni kumjulia hali mzee, namuuliza juu ya ufunguo wa stoo au mteja fulani anayedai kiti chake, na kila wiki niliruka mbao zile. Niliona aibu kuuliza kuhusu vipande.

Nilipozipanga chini ya rafu, nikiacha mwanya wa karibu sentimita tano kati ya ubao na ubao, kumi zilienea futi nane kamili, urefu wa bodi moja. Nilicheka peke yangu. Nilizipa namba, moja hadi kumi, kwa penseli, kila moja ubavuni, nikazikaza. Ya saba iligongana na nguzo ya ukuta, nikaikata kona.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi, simu mkononi, chai inapoa. Nilifungua daftari kwa sababu ndicho ninachofanya ninapochanganyikiwa. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe. Mbao kumi. Upana inchi nane. Kumi mara nane ni themanini; inchi themanini ni kama mita mbili.

Mita mbili ni mtu aliyelala, na nafasi kidogo kichwani na miguuni.

Nimezika Waislamu wengi, majirani na wateja, lakini siku zote nimesimama nyuma. Kwetu Wakristo mtu hushuka na sanduku lake, na masanduku hayo nimetengeneza mengi, kwa hiyo nilijiona najua kila linalohusu mbao na kaburi. Kwao mtu hulazwa kwenye mwanandani, ule mfereji unaochimbwa chini kabisa, na juu yake hupangwa mbao ili udongo usimwangukie. Nimeziona zikishushwa kwa mbali, juu ya mabega ya watu. Sikuwahi kujiuliza nani anazikata, wala kwa kipimo gani.

Nilitoka nje. Jirani yangu, mama anayekaanga chapati kwenye kibanda kinachopakana na karakana, alikuwa anawasha jiko. Nilimwambia mzee amefariki. Akaweka kipepeo chini, akasema maneno yao ya msiba kwa sauti ndogo. Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, mbao za nyuma ya mlango zilikuwa za nini.

Alinitazama kama nimemuuliza jua linatokea wapi.

"Za msiba, fundi. Akifa mtu mtaani, wanakuja wanachukua, hawaombi. Mzee akishatoka kuzika anakata nyingine. Baba watoto wangu amelala na mbao za hapo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nani akwambie? Mtaa mzima unajua." Akaangalia mikono yake. "Jana nilikuona unazikaza kwa bisibisi. Nikajua mmeongea wewe na mzee."

Mungu alikuwa ametupa miezi mitano bila msiba mtaani kwetu, na mimi niliitumia kutengeneza rafu. Aibu ilinishika, lakini mshtuko ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Niliona kama nimekuwa nikiishi katika nyumba ya watu na kula mezani kwao bila kujua kwamba meza ile ni ya kuoshea maiti. Mtu mmoja amekufa, ameomba kitu kimoja tu, nacho nimekikalia.

Nilianza kutoa bodi. Bodi ya milimita kumi na nane ni mzigo wa watu wawili. Nilitoa tatu peke yangu, ya nne ikanipiga kwenye goti. Mama wa chapati alizima jiko, akajifunga khanga kiunoni, akashika upande wa pili. Tulifika ya kumi na mbili gari liliposimama.

Ilikuwa pikapu, na aliyeshuka ni mpwa wa marehemu, mtu wa makamo kama mimi, mkulima mwenye mabega mapana. Tulijuana, kwa sababu alikuwa akimletea mjomba wake mahindi. Baina yetu kulikuwa na utani, yeye Mzigua na mimi Mshambaa, na hatujawahi kusalimiana bila kutukanana kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliingia moja kwa moja hadi nyuma ya mlango, akauona ufagio.

"Ziko wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Alichuchumaa, akachungulia chini ya rafu. Alikaa pale muda mrefu. Nilingoja anipige, na ningeona haki.

"Mama," alimwambia jirani yangu bila kugeuka, "njoo uone. Mjomba wangu hajapoa, Mshambaa ameshampandishia plaiwudi juu."

"Nisamehe," nilisema. "Sikujua."

"Hukujua! Una daftari la kila msumari humu ndani, hili hukujua?" Alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na mdomo unacheka, vyote kwa pamoja. "Huko kwenu milimani baridi kali, nyinyi mbao mnazilalia mkiwa hai. Sisi tunangoja. Haya, shika upande huo, mwizi wa makaburi."

Katika utani wetu asiyejibu anashindwa, na nilishindwa mara nyingi asubuhi ile. Kila bodi tuliyoitoa alikuwa na neno. Hii nzito kama deni la Mshambaa. Hii nyembamba kama posho yake. Mama wa chapati alimwambia anyamaze, kuna msiba, akajibu, "Mama, mimi ndiye mfiwa, na huyu ni mtani wangu. Nisipomsema leo nitamsema lini?"

Tuliziegemeza bodi zote arobaini na moja ukutani, pale pale zilipokuwa zamani, zikapinde zitakavyo. Kisha nikalala kifudifudi na bisibisi. Umeme ulikuwa umekatika na mashine ya kufungulia skurubu haikuwa na chaji. Skurubu nilizikaza vizuri. Nilijilaani kwa kila moja. Mpwa alipokea ubao mmoja mmoja, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaubeba hadi kwenye gari.

Wa saba aliugeuzageuza.

"Huu umeng'atwa na nini?"

"Niliukata kona. Kuna nguzo pale."

Safari hii hakutania. Aliushika tu. Kona iliyokosekana ilikuwa ndogo, lakini unaweza kuingiza mkono. Nilijua, na yeye alijua, kwamba hapo ndipo udongo ungepita.

"Nitakata mwingine," nilisema. "Kipimo ninacho."

Kwenye mikono ya ukutani, mahali pa mgrivilea, kulikuwa na ubao mmoja mpana niliotoka nao Lutindi, mti wa shamba letu. Nilipima sitini na nane, nikapiga mstari, nikakata. Nilipouweka juu ya wenzake ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Nilikuwa nimesoma futi kamba vibaya. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikosea kukata ubao, na wao wawili walikuwa wamesimama wakinitazama.

"Pole pole, baba," mama wa chapati alisema. "Gari haliondoki bila wewe."

Nilipima mara tatu, nikamwomba mpwa apime mara ya nne. Akapima, akasema, "Sitini na nane, mtani. Kata." Nikakata. Nikaupiga randa upande mmoja, kama mzee alivyokuwa akifanya, nikaufunga mlango wa karakana kwa kufuli, nikapanda gari. Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Nilishika mbao miguuni njia nzima mpaka Handeni, ingawa hazikuwa na pa kuangukia.

Tulipofika watu walikuwa wamejaa uwanjani, mikeka imetandikwa, wanawake wako ndani. Mtoto mkubwa wa marehemu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuzitunza mbao za baba yake. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mpwa alinikanyaga mguu.

"Amezitunza," alisema. "Alizifungia chini kabisa, hata mwizi asingezitoa. Mimi mwenyewe nimezitoa kwa jasho."

Swala ikasaliwa. Mimi nilikaa chini ya upenu wa nyumba na Wakristo wengine wachache na wazee wasioweza kusimama. Kisha jeneza likabebwa, nikalifuata nyuma, mahali pangu pa siku zote.

Makaburini niliona mabega na kofia. Nilisikia jembe, nikasikia sauti zikielekezana namna ya kumshusha. Kisha sauti ya mtu aliyekuwa kaburini: "Leteni mbao." Na baada ya kidogo: "Hizi namba za nini?"

Sikuwa nimezifuta. Katika haraka ile sikufikiria kuzifuta.

"Za mtani wangu, fundi wa Korogwe," mpwa alijibu. "Kwake hata kuku wana namba."

Wazee wawili watatu walicheka kidogo, wakajizuia.

"Na haya matundu?"

"Ya skurubu. Usiulize, ziba kwa udongo."

"Sasa nazipanga kwa namba au vyovyote?"

Hapo mpwa aligeuka akanitafuta kwa macho. Watu wakageuka pia. "Si yupo. Mwiteni aje azishushe mwenyewe, tuone kama alizipanga sawa."

Nilipita katikati yao. Hakuna aliyeonyesha kushangaa isipokuwa mimi. Nilifika ukingoni, mahali ambapo katika maisha yangu yote sikuwahi kusimama kwenye maziko yao, nikatazama chini. Sanda nyeupe ilikuwa imelala ubavu ndani ya mfereji, ndogo kuliko nilivyotarajia. Mzee alikuwa mrefu. Au nilimkumbuka akiwa amesimama kwenye benchi.

Nilichuchumaa. Nikachukua wa kwanza, mvule, nikamshushia mtu wa ndani. Aliuweka upande wa kichwa. Uliingia kati ya ukingo na ukingo bila kugongwa wala kukatwa, na hapo ndipo nilipojua sitini na nane ni kipimo cha nini. Wa pili, mvule tena. Wa tatu, mtiki. Nilikuwa nazitaja namba kwa sauti bila kukusudia, kama ninavyofanya karakana nikiwa peke yangu, na yule mtu wa ndani akawa anazirudia. Nne. Nne. Tano. Tano. Sita. Sita.

Wa saba ulikuwa mweupe kuliko wenzake, umetoka kukatwa, na ubavu wake haukuwa na kitu. Aliupokea, akaugeuza, akanitazama kutoka chini.

"Huu hauna namba."

"Ndio wa saba."

"Nitajuaje?"

Alisema kwa utani au kwa kweli, sikuweza kutambua. Uso wake ulikuwa na jasho na udongo. Akaunyanyua, akanirudishia. Penseli ilikuwa bado sikioni kwangu tangu asubuhi. Nilipiga magoti, nikaandika namba ubavuni, nikamshushia. Saba ilisomeka.

Aliulaza karibu na wa sita, akausukuma kwa kiganja. Ulikaa.

"Saba," alisema. Akanyoosha mkono juu. "Lete wa nane, fundi."